Karakana ya Uani: Namna ya Kuifikishia Umeme kwa Usalama

Somo kwa wenye nyumba wa Oldeani na vijiji vingine vya Wilaya ya Karatu

Somo hili linamhusu mwenye nyumba ambaye tayari ana umeme na mita ya LUKU, na ambaye sasa anataka umeme huo ufike kwenye banda la kazi lililo nyuma ya nyumba yake. Mabanda ya namna hii ni mengi Oldeani na katika vijiji vinavyoizunguka. Humo huchomelewa mageti na madirisha, hutengenezwa pikipiki, pampu za maji na majembe ya trekta, na hurandwa mbao za vitanda na milango. Mahali ambapo maisha ya watu hutegemea kahawa, mahindi, ngano na magari ya watalii yaendayo Ngorongoro, karakana ndogo ya uani ni kitega uchumi cha kuheshimiwa.

Hata hivyo, umeme wa kuwashia taa na televisheni haukuandaliwa kwa ajili ya mashine ya kuchomelea. Karakana huja na mizigo mizito, vumbi, cheche, mabati, sakafu yenye unyevu na mikono yenye jasho. Kwa hiyo msingi wa somo zima ni huu: karakana isihesabiwe kuwa chumba kimoja zaidi cha nyumba. Ipewe njia yake yenyewe ya umeme, yenye waya wa kutosha, saketi breka yake, kinga ya umeme unaovuja na ethi iliyopimwa.

Hatukusudii kumfundisha mwenye nyumba kufunga umeme kwa mkono wake. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Tunakusudia ajue cha kuagiza, cha kuuliza na cha kukagua kabla hajatoa malipo ya mwisho.

Kwa nini ekstensheni haifai

Njia inayotumiwa zaidi ndiyo iliyo mbaya zaidi. Waya wa ekstensheni huchomekwa kwenye soketi ya sebuleni, hupitishwa dirishani, huvushwa uani juu ya nyasi au juu ya kamba ya kuanikia nguo, kisha huingizwa bandani kupitia tundu la bati. Mwanzoni kila kitu hufanya kazi. Hatari hujificha katika mambo manne.

Kwanza, waya huo ni mwembamba. Nyingi kati ya ekstensheni zinazouzwa madukani zina waya wa milimita ya mraba 1 au 1.5, ambao haukukusudiwa kubeba mashine ya kuchomelea kwa saa nzima. Ukiachwa umejikunja katika kibiringo chake, joto hukosa pa kutokea na plastiki huyeyuka.

Pili, ganda lake si la kukaa nje. Jua hulikausha likapasuka, mvua hupenya, panya hutafuna, na ukingo wa bati hulikata kidogo kidogo kila upepo unapoutikisa waya.

Tatu, mzigo wote wa karakana hupita kwenye soketi moja ya nyumbani, ambayo waya zake ukutani huenda zinahudumia vyumba vingine pia. Soketi inayopata moto au yenye weusi kuzunguka matundu yake inatoa onyo, na onyo hilo lisipuuzwe.

Nne, hakuna swichi kuu karibu na mfanyakazi. Akishikwa na umeme bandani, wa kumwokoa hulazimika kukimbilia ndani ya nyumba, pengine mlango ukiwa umefungwa.

Hatua ya kwanza: Orodhesha mizigo

Kabla ya kununua hata mita moja ya kebo, andika kila kifaa kitakachotumika karakana, pamoja na kile unachotarajia kununua mwaka ujao. Kila mashine ina kibati kidogo chenye namba zake. Tafuta namba iliyoandikwa A, yaani ampia, au W, yaani wati. Ukiona wati peke yake, gawanya kwa 230, ambazo ndizo volti za umeme wa njia moja hapa Tanzania, upate makadirio ya ampia.

Tuchukue mfano wa karakana ya fundi mmoja:

- Grainda ndogo, wati 800: karibu ampia 3.5
- Drili, wati 600: karibu ampia 2.6
- Kompresa, wati 1,500: karibu ampia 6.5
- Mashine ndogo ya kuchomelea, ampia 17 kama kibati chake kinavyoonyesha
- Taa nne za LED: chini ya ampia 1 zote kwa pamoja

Jumla ni karibu ampia 30. Lakini fundi mmoja hawezi kuchomelea, kutoboa na kusaga kwa wakati ule ule. Akichomelea taa zikiwa zimewaka, anatumia karibu ampia 18, kwa hiyo katika mfano huu tutakadiria njia ya kubeba ampia 20. Hapa pana mtego mmoja: kompresa hujiwasha yenyewe upepo unapopungua kwenye tangi. Izimwe kabla ya kuanza kuchomelea. La sivyo, njia ikadiriwe kwa mashine zote mbili. Tena mota yoyote inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya namba iliyo kwenye kibati chake, ingawa ni kwa muda mfupi tu. Fundi wako lazima alizingatie jambo hilo.

Mashine kubwa ya kusaga nafaka, au mashine ya kuchomelea ya njia tatu, haimo katika somo hili. Vifaa hivyo havivutiwi kutoka nyumbani. Mwenye kuvihitaji apeleke maombi TANESCO ya kuunganishiwa umeme wa njia tatu.

Hatua ya pili: Ukubwa wa waya

Kila waya hupunguza volti zinazopita ndani yake. Waya ukiwa mrefu au mwembamba, volti zinazopotea huwa nyingi zaidi. Kwa kuwa viwanja vya Oldeani mara nyingi ni vipana, na banda hujengwa mbali na nyumba ili kelele na moshi visisumbue, umbali wa mita 40 si wa ajabu. Tazama kinachotokea kwa waya wa shaba wenye urefu huo ukibeba ampia 20:

- Milimita za mraba 1.5: hupotea volti 23.2, hubaki 206.8
- Milimita za mraba 2.5: hupotea volti 14.4, hubaki 215.6
- Milimita za mraba 4: hupotea volti 8.8, hubaki 221.2
- Milimita za mraba 6: hupotea volti 5.8, hubaki 224.2
- Milimita za mraba 10: hupotea volti 3.5, hubaki 226.5

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine. Asilimia 3 ya volti 230 ni 6.9, na asilimia 5 ni 11.5. Katika mfano wetu, waya wa milimita za mraba 2.5, ambao ndio uliozoeleka kwa soketi za nyumbani, umeshindwa. Waya wa 4 unatosha kwa mashine lakini si kwa taa. Waya wa 6 unatosha kwa vyote.

Volti zinazopotea hazipotei bure, kwani hugeuka kuwa joto ndani ya waya, na joto hilo unalilipia. Waya wa 2.5 katika mfano huu hupoteza wati 288 muda wote mashine inapofanya kazi; waya wa 6 hupoteza wati 117 tu. Mota nayo huteseka: volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu yake ya kuanza kuzunguka hushuka kwa karibu asilimia 19. Itanguruma bila kuzunguka, itapata moto, na mwishowe koili zake zitaungua. Wengi humlaumu aliyewauzia kompresa, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya.

Kabla ya hesabu hii, mwambie fundi apime volti zilizopo nyumbani kwako jioni, wakati majirani wote wanatumia umeme. Nyumba iliyo mwishoni mwa laini huenda inapokea volti pungufu tangu mwanzo. Ikiwa ni hivyo, toa taarifa TANESCO kabla ya kuongeza mzigo.

Unaponunua waya, kagua alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na usitosheke na maandishi ya ganda. Kwaruza ncha ya uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, lakini alumini iliyopakwa shaba huonyesha weupe. Waya wa milimita za mraba 6 kwa kawaida huwa na nyuzi 7, kila moja ikiwa na unene wa karibu milimita 1.04. Nyuzi zikiwa nyembamba kuliko hapo, umeuziwa waya mdogo kwa bei ya mkubwa. Dai risiti, na uitunze.

Hatua ya tatu: Njia ya kebo

Kebo inaweza kupita ardhini au hewani.

Njia ya ardhini ndiyo tunayoipendekeza kwa viwanja vingi. Itumike kebo yenye gamba la nyuzi za chuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa. Mtaro uwe na kina kisichopungua sentimita 60, na uongezwe hadi sentimita 75 au zaidi pale gari au trekta linapopita. Pale panapolimwa, kina kizidi kabisa mahali jembe la kukokotwa linapofika. Ni bora zaidi kuizungusha kebo kando ya shamba kuliko kuikatisha katikati. Chini ya kebo na juu yake iwekwe mchanga laini usio na mawe, kisha utepe wa rangi wa kuonya, ndipo udongo urudishwe. Kebo isilale katika mtaro mmoja na bomba la maji, kwa maana siku bomba litakapopasuka, mchimbaji atashuka na sururu. Kabla ya kufukia, piga picha ya mtaro ukiwa wazi, na uchore ramani ndogo yenye vipimo kutoka pembe ya nyumba. Ramani hiyo ibandikwe karibu na ubao wa umeme, ili hata mrithi wa nyumba ajue kebo ilipo.

Njia ya hewani hufaa pale ardhi ni ya mawe au umbali ni mfupi. Kebo ifungwe kwenye waya imara wa chuma unaobeba uzito wake, usiofungwa kwenye mti unaoyumba wala kwenye nguzo ya TANESCO. Urefu kutoka chini usipungue mita 3.5 pale wanapopita watu tu, na mita 5.2 pale yanapoweza kuingia magari. Kumbuka kwamba lori la mavuno au la mbao huwa refu kuliko unavyodhani, na kijana aliyekaa juu ya shehena ni mrefu zaidi.

Hatua ya nne: Breka hulinda waya, RCD humlinda mtu

Hii ndiyo sehemu ya somo tunayoomba isomwe mara mbili.

Saketi breka ina namba kama C20. Namba 20 ni ampia inazoruhusu. Herufi huonyesha uvumilivu wake kwa mshtuko mfupi wa kuanza: B hukata haraka, C huvumilia mota za kawaida, na D huvumilia mashine zinazoanza kwa nguvu kubwa. Kazi ya breka ni kuzuia waya usiungue. Breka ikikata mara kwa mara, jibu si kuweka kubwa zaidi. Ukiweka breka ya 40 kwenye waya wa kubeba 20, waya ndio utakaokata badala ya breka, na utakata kwa moto.

Lakini breka haikuundwa kuokoa mwili wa binadamu. Fikiria grainda yenye bodi ya chuma ambayo waya wa ndani umechubuka na kugusa bodi. Umeme unaingia kwenye ethi, unapita ardhini, unarudi kwenye transfoma. Tuseme njia hiyo yote ina ukinzani wa omu 20, kiwango ambacho wengi wangekiona kizuri. Gawanya volti 230 kwa 20: unapata ampia 11.5. Breka ya ampia 20 haitaona kosa lolote. Bodi ya mashine itabaki na sehemu kubwa ya volti 230, na uniti za LUKU zitakwisha kwa kasi ya zaidi ya uniti 2.6 kwa saa huku zikipasha joto udongo. Kisha mtu mwenye mikono yenye jasho anaishika mashine ile. Ukinzani wa mwili wake ukiwa omu 1,000, anapitisha karibu ampia 0.23. Sehemu ndogo tu ya kiasi hicho inatosha kuuvuruga moyo.

Kinachokata umeme katika hali hiyo ni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikitokea, maana yake upo unaovujia mahali pengine, nacho hukata. Madukani kifaa hicho huandikwa RCD au RCCB. Kwa karakana, chagua chenye maandishi 30 mA, yaani ampia 0.03, hicho hukata ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde au chini ya hapo. Kipo pia kinachounganisha kazi hii na ile ya breka, nacho huandikwa RCBO.

Mambo matatu yakumbukwe. RCD haimkingi aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa maana kwake huyo ni sawa na balbu. RCD haifanyi kazi ipasavyo ikiwa nyutro na ethi zimeunganishwa pamoja baada yake. Na RCD ina kitufe kilichoandikwa T: kibonyeze kila mwezi. Isipokata, mwite fundi na usitumie karakana. RCD inayokata mara kwa mara inakuonyesha kwamba mashine au waya mmojawapo una ugonjwa. Anayeifungua na kuunganisha waya moja kwa moja amemwondoa mlinzi kwa kosa la kupiga kelele mwizi alipoingia.

Hatua ya tano: Ethi na mabati

Waya wa ethi usafiri pamoja na waya wa moto na nyutro, kutoka kwenye ubao wa nyumba hadi ubao wa karakana. Kama itafaa kuongeza fimbo ya ethi kwenye karakana, au kuipa karakana ethi yake pekee, fundi aamue baada ya kupima, naye aandike alichoamua. Fimbo iliyochomekwa sentimita 30 karibu na ukuta ili ionekane ipo si ethi. Udongo mwekundu wa Oldeani ukiwa na maji wakati wa masika hupitisha umeme vizuri kuliko unapokauka na kupasuka kuelekea Septemba na Oktoba. Kwa sababu hiyo, kipimo cha maana ni kile cha kiangazi, na fimbo ifike kwenye tabaka lenye unyevu wa kudumu.

Mabanda mengi yamejengwa kwa mabati na mabomba ya chuma. Waya ukichubuliwa na ukingo wa bati, ukuta mzima huwa na umeme, na atakayeugusa kwanza pengine ni mtoto anayecheza nje. Waya zote za ndani zipite katika mabomba ya plastiki, kila tundu la bati liwe na kizibo cha mpira, na fremu ya chuma ya banda iunganishwe na ethi.

Ndani ya karakana

Ubao mdogo wa umeme uwekwe karibu na mlango, ukiwa na swichi kuu inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Mbele yake pasiwekwe mbao wala matairi. Taa ziwe na breka yake mbali na ya soketi, ili kosa la mashine lisimwache mfanyakazi gizani msumeno ukiwa bado unazunguka. Soketi ziinuliwe karibu mita moja kutoka sakafuni, mbali na maji na rundo la vumbi la mbao. Petroli, thina na rangi zihifadhiwe nje ya chumba cha kusagia na kuchomelea.

Neno moja kwa wachomeleaji. Kibanio cha kurudishia umeme kifungwe kwenye chuma kile kile kinachochomelewa, karibu na mahali pa kazi. Kikifungwa kwenye nguzo ya banda, umeme mkubwa wa kuchomelea hutafuta njia kupitia waya za ethi za jengo na unaweza kuziunguza bila mtu kujua. Banda litaonekana lina ethi, na kumbe halina.

Jenereta na sola

Umeme unapokatika, wapo wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya karakana ili iwashe nyumba nzima. Tendo hilo hurudisha umeme kwenye laini ya kijiji, na transfoma huupandisha hadi volti elfu nyingi. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kuuawa. Jenereta au sola iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia tu, ambayo kamwe haiwezi kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja.

Fundi, mita na sheria

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mafundi wa kufunga mifumo ya umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka yake ya kazi. Omba kuiona leseni, soma jina, daraja na tarehe ya kuisha kwake. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Mwenye nyumba aijulishe TANESCO kuhusu mzigo mpya, ili ihakikishwe kwamba waya wa kutoka nguzoni na mita vinaweza kuubeba. Afahamu pia kwamba kundi la bei la D1 ni la nyumba zenye matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Karakana inayofanya kazi kila siku huenda ikavuka kiwango hicho, na bei ya kazi zako ipangwe kwa kuzingatia jambo hilo. Umeme wa mita yako ni kwa ajili ya majengo yako. Usimvutie jirani, hata kwa wema.

Mkataba wa kazi uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Utaje ukubwa na urefu wa kebo, kina cha mtaro, aina ya breka, RCD ya 30 mA, vipimo vitakavyofanywa, na malipo kwa awamu. Awamu ya mwisho itolewe baada ya vipimo, si kabla.

Vipimo kabla ya kuwasha

Fundi apime, mbele yako, mambo haya, na akuachie matokeo yenye sahihi yake:

1. Waya wa ethi haujakatika kutoka ubao wa nyumba hadi kila soketi ya karakana.
2. Waya hazivuji: kipimo cha volti 500 kionyeshe ukinzani usiopungua omu milioni 1.
3. Waya wa moto na nyutro hazijapishana kwenye soketi yoyote. Uangalifu uzidi penye rangi za zamani na mpya kwa pamoja: zamani moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi, sasa moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani na manjano.
4. Ukinzani wa ethi, ukiandikwa pamoja na tarehe.
5. RCD inakata kwa kipimo cha chombo, si kwa kitufe peke yake.

Ajali ikitokea

Usimguse aliyeshikwa na umeme. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, msukume mbali na umeme kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya mbao kavu. Asipopumua, mwenye ujuzi aanze huduma ya kwanza mara moja, na afikishwe hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu moyo unaweza kuvurugika baadaye. Moto wa umeme usizimwe kwa maji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Malalamiko kuhusu huduma ya umeme yaanzie ofisi ya TANESCO inayokuhudumia, kwa maandishi. Usiporidhika, yapeleke EWURA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Arusha. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, hutoa ushauri kwa mtumiaji.

Maswali ya kujipima

Wanafamilia na wanaofanya kazi karakana wakae pamoja na kujibu maswali haya:

1. Swichi kuu ya karakana iko wapi, na je, kila mmoja anaweza kuifikia gizani?
2. Kitufe cha RCD kilibonyezwa lini mara ya mwisho?
3. Kebo inapita wapi chini ya uwanja, na ramani yake iko wapi?
4. Kwa nini breka ya ampia 20 haikati wakati umeme wa ampia 11.5 unavujia ardhini?
5. Nani alifunga umeme huu, na karatasi ya vipimo imehifadhiwa wapi?

Nyumba inayoweza kujibu yote matano imeshaelewa somo. Inayokwama katika lolote kati ya hayo na izime karakana kwa siku moja, imwite fundi, kisha iendelee na kazi.